Pikapu ya zamani leo inawaka kesho inagoma: jinsi ya kuisaka shida ya umeme inayokuja na kupotea

Shida ya umeme ambayo ipo muda wote ni rahisi, unafuata waya mpaka unafika palipokatika basi. Inayotesa ni ile ya leo inawaka kesho imegoma, unaita fundi, fundi anafika anageuza ufunguo mara moja gari inawaka, unaonekana muongo. Hapo ndo watu wanaanza kununua vitu, betri mpya, kisha stata (mota inayozungusha injini iwake), kisha alternata (inayochaji betri), na gari bado inagoma, maana kwenye pikapu ya miaka 20 au 30 mara nyingi kilichochoka siyo kifaa chenyewe ila pale kinapounganishwa: teminali, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), soketi, miguu ya fyuzi, kopa za ndani ya swichi. Kifaa kilichokufa kwa kawaida kimekufa jumla. Kinachokufa na kufufuka ni muungano uliolegea au ulioshika kutu, unabadilika na joto, na mtikisiko, na unyevu. Kuna vifaa vichache vya elektroniki vinavyovunja hii kanuni, nitavitaja mbele.

Kwa hiyo kitu cha kwanza usifungue boneti, jiulize inagoma lini. Ikiwa imetoka safari na injini ina moto? Asubuhi ya baridi? Baada ya mvua au kuoshwa? Ukishapita barabara mbovu? Ukiwa umewasha taa kubwa na feni? Kila jibu linakupunguzia nusu ya kazi. Inayogoma na joto inakupeleka kwenye stata, waya mnene wa betri na swichi, inayogoma na maji inakupeleka kwenye soketi na waya za plagi, na inayogoma kwenye rafu karibu kila mara ni kitu kimelegea.

Vya kutumia siyo vingi. Multimita hata ya bei ndogo, taa ya testa yenye balbu ya kawaida (siyo ya LED), brashi ya waya, msasa, spana. Balbu nasisitiza kwa sababu multimita inaweza kukudanganya: waya uliobaki na uzi mmoja wa kopa ndani utakuonyesha volti 12 safi kabisa kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana, ila ukiweka mzigo volti zinaanguka, ni kama bomba lililoziba linalotoa matone lakini ndoo haijai. Balbu inavuta umeme kidogo kwa hiyo ikiwaka hafifu ushajua. Na zaidi ya yote ni kupima wakati gari imegoma au wakati unapiga stata. Kupima gari iliyozima na iko salama unapata namba nzuri zisizokusaidia kitu.

Kabla ya kugusa: gia nyutro, hendibreki, vua pete na saa, usivute sigara juu ya betri maana ikichaji inatoa gesi inayolipuka. Waya wa hasi unatoka wa kwanza na unarudi wa mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya isitoe cheche.

Anza na betri lakini usikae hapo

Betri iliyotulia masaa kadhaa, gari imezimwa, inatakiwa isome kama volti 12.6. Ikisoma 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 kama nusu, chini ya 12 hiyo imeisha. Chaji kwanza, usianze kusaka shida na betri iliyoisha, utazunguka bure. Halafu mtu apige stata wewe unaangalia mita imeshika nguzo za betri zenyewe: isianguke chini ya 9.6 hivi. Ikianguka mpaka 7 au 8 na betri ilikuwa imejaa, mara nyingi betri imechoka ndani. Ikibaki juu, 11 na kitu, na stata haizungushi, hapo betri haina kosa na umeme hauendi popote, tatizo liko mbele.

Teminali usiziangalie kwa macho. Kuna teminali inang'aa kwa nje na ndani ina utando mweusi, zungusha kwa mkono, ikicheza hata kidogo ndo hiyo. Fungua, kwangua nguzo na ndani ya teminali mpaka ung'are, rudisha kaza, kisha paka grisi au vaselini kwa juu. Ile chumvi nyeupe na ya kijani imwagie maji ya moto. Na kama teminali ni zile za kufunga waya kwa boliti mbili, zilizowekwa na mtu baada ya ile ya kiwandani kuharibika, fungua uangalie waya umekuwaje ndani, mara nyingi umeshakuwa kijani mpaka ndani ya mpira na kukaza hakusaidii, kata mpaka ufike kopa nyekundu au badilisha waya mzima.

Ethi, hapa ndo pikapu inapotofautiana na gari ndogo

Kwenye pikapu kebini imekaa juu ya chesisi na raba katikati, injini nayo imekaa kwenye mauntingi za raba, na bodi ya nyuma ni kipande kingine kabisa. Raba haipitishi umeme. Maana yake kila kipande kinategemea mkanda au waya wake wa ethi kurudi kwenye hasi ya betri, na huo waya uko chini unakula matope, oili na kutu miaka yote. Mwingine ulifunguliwa siku injini iliposhushwa na haukurudishwa.

Dalili za ethi mbovu ni vituko. Ukikanyaga breki indiketa nazo zinawaka hafifu. Ukiwasha taa geji ya joto inapanda, ukizima inashuka. Ukipiga stata redio inazima na taa za dashibodi zote zinafifia huku betri ni nzima. Na hii wengi hawaijui: ethi ya injini ikikatika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwenye kebo ya eksileta au ya klachi au ya spidomita, kebo inapata moto na siku moja inakwama. Ukiona kebo ya eksileta imeungua bila sababu usibadilishe kebo tu.

Pima hivi. Mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye nguzo ya hasi yenyewe (siyo teminali, nguzo), mwekundu kwenye bodi ya stata au chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. 0.2 ni sawa, ikifika 0.5 na kuendelea kuna muungano mbovu. Upande wa chanya vilevile, mwekundu kwenye nguzo ya chanya, mweusi kwenye boliti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, isizidi 0.5. Ili gari isiwake wakati unapima, kwenye petroli chomoa waya mwembamba wa koili, kwenye dizeli chomoa waya wa solenoidi (sumaku ya umeme) inayokata mafuta kwenye pampu.

Kwa nini namba ndogo hivyo zina maana? Stata inavuta ampea 150, 200, ya dizeli zaidi ya hapo. Ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona vizuri, ukipitishwa ampea 200 unakula volti 2. Kwenye taa ya ndani huwezi kugundua, kwenye stata ndo tofauti ya kuzunguka na kugoma. Na waya ukipata moto ukinzani unaongezeka, ndo maana gari iliyowaka vizuri asubuhi inagoma ukisimama dakika kumi baada ya safari.

Kama huna mita, chukua waya mmoja wa kubustia, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini, piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umemaliza, ni ethi.

Inasema "tak" moja halafu kimya

Hii ndo shida inayouza stata nyingi mpya bila sababu. Tak moja nzito kutoka kwenye stata maana yake solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) imevuta, lakini umeme mkubwa haukupita kwenda kwenye mota. Ukijaribu mara tano sita, ya saba inawaka. Kama ethi na waya vimepita kipimo, angalia kopa za ndani ya solenoidi. Stata za gia zinazotumika kwenye pikapu nyingi za Kijapani zina vipande viwili vya kopa na kisahani kinachovigonga kila ukiwasha, kila mgongano unatoa cheche na kopa inalika, inalika upande mmoja kuliko mwingine, mwisho kisahani kinagusa kimoja tu. Hizo kopa zinauzwa peke yake, unafungua kifuniko cha nyuma, unabadilisha, unarudisha kwa kukaza sawasawa. Kazi ya mchana mmoja na nyingi ya hiyo kazi ni kuifikia stata penyewe.

Kama kopa nzuri, angalia kaboni za mota (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Zikiisha inakuwa hivi, ukiigonga stata na kipande cha mti mtu mwingine akiwa ameshika ufunguo inazunguka. Kugonga kunaweza kukutoa porini lakini siyo matengenezo, na usigonge kwa nyundo kwa nguvu, stata zingine zina sumaku ndani na zinapasuka.

"Tik tik tik tik" za haraka ni kitu kingine. Hiyo ni volti ndogo, solenoidi inavuta, betri inaanguka, inaachia, inavuta tena. Rudi kwenye betri na teminali.

Na ukisikia mota inalia "wiiii" lakini injini haizunguki, gia ya stata haiingii kwenye flaiwili au meno yameliwa. Hiyo siyo umeme.

Kimya kabisa, hata tak hakuna

Taa za dashibodi zinawaka, ukigeuza ufunguo hakuna kitu. Sasa njia ya kuangalia ni waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye stata, na njiani kuna vizuizi: fyuzi, rilei (swichi inayoamshwa na umeme) kama ipo, swichi ya pedali ya klachi au swichi ya nyutro kwa gia otomatiki, na alamu ya kufungwa baadaye kama mtu alifunga. Kwa otomatiki jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P, au tikisa levo huku umeshika ufunguo, ikiwaka ni swichi ya gia. Kwa manyuo kanyaga klachi mpaka mwisho kabisa, kile kipira kinachogusa swichi kwenye pedali huwa kinapukutika na hakuna anayekikumbuka.

Swichi ya ufunguo nayo inachoka. Ukicheza na ufunguo, ukaurudisha nyuma kidogo ukashika, ikawaka, ni yenyewe, na ufunguo wenye mzigo wa mafunguo mengine unaiua mapema. Siyo silinda ya ufunguo lakini, ni kile kipande cha umeme nyuma yake, kwenye gari nyingi kinatoka kwa skrubu mbili.

Ukiwa na gari inayogoma mara moja kwa wiki, utaikamata vipi? Chukua kibalbu kidogo cha volti 12, unganisha upande mmoja kwenye ule waya mwembamba wa stata (pale kwenye stata, siyo kwenye swichi) upande mwingine kwenye ethi nzuri, vuta waya mpaka kebini uone kibalbu ukiwa umekaa. Weka fyuzi ndogo mwanzoni mwa huo waya. Sasa endesha maisha yako. Siku ikigoma angalia: kibalbu kimewaka vizuri na stata kimya, shida iko kwenye stata, waya mnene au ethi. Kibalbu hakikuwaka, shida iko kwenye swichi, rilei, klachi au soketi njiani. Kimewaka hafifu, volti zinaliwa njiani. Sekunde mbili unajua upande, wakati fundi angehitaji gari igome mbele yake.

Kama jibu ni "hafifu", hii inatokea sana kwenye gari za zamani maana umeme wa solenoidi unapita safari ndefu, betri, fyuzi, swichi, klachi, ndo urudi mbele. Pima kwenye ule waya wakati wa kupiga stata, ukiona betri inasoma 11 na waya unasoma 8 umepata. Safisha soketi zote kwanza. Kama haitoshi weka rilei karibu na betri: mguu wa 30 unatoka betri kupitia fyuzi, 87 unaenda kwenye solenoidi, 86 unapokea waya wa zamani kutoka kwenye swichi, 85 ethi. Swichi inabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Binafsi naona hii ni bora kuliko kubadilisha swichi mbili tatu za kuiga.

Inazunguka vizuri ila haiwaki

Dizeli ya zamani: angalia moshi wa ekzosi ukiwa unapiga stata. Moshi mweupe unatoka na haiwaki asubuhi, dizeli inafika lakini haichomeki, pima hitaplagi (plagi za kupasha moto ndani ya injini) na rilei yake. Hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki, na pampu nyingi za zamani zina solenoidi ya kukata mafuta juu yake, ukiweka ufunguo kwenye on unatakiwa kuisikia ikigonga "tik". Haigongi, weka testa kwenye waya wake. Umeme upo na haigongi, solenoidi imekufa. Umeme unakuja na kuondoka, rudi kwenye fyuzi na swichi. Waya huu mmoja ukilegea pia unazima gari barabarani ghafla bila kukohoa.

Petroli: kuna cheche? kuna mafuta? Hayo mawili tu. Kwenye za injeksheni ukiweka on unasikia pampu inalia sekunde mbili hivi, ukikosa siku moja na nyingine ipo, kagua rilei ya pampu na rilei kuu, fungua kava uangalie lehemu kwa mwanga, ukiona nyufa za duara kuzunguka miguu, hiyo lehemu imepasuka na inafunguka na joto. Kuna ile ya ajabu, gari inawaka ukiwa umeshika ufunguo, ukiachia inazima. Kwenye gari zenye rizista ya koili ni rizista imekatika, maana wakati wa stata umeme unaipita pembeni. Kama haina rizista, basi ni swichi ya ufunguo upande wa on.

Na vile vifaa nilivyosema vinavunja kanuni ni hivi: moduli ya cheche, koili, koili ndogo ya ndani ya distributa, sensa ya krenki. Gari inaenda nusu saa, inazima, haina cheche, unasubiri ipoe inawaka. Ikizima weka kitambaa chenye maji ya baridi juu ya kifaa kimoja tu unachokishuku, ikirudi umekipata. Ukivipoza vyote kwa pamoja hujajua chochote.

Betri inaisha yenyewe, taa zinapumua

Injini inaunguruma, nguzo za betri zisome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, ibaki juu ya 13 na kitu. Ikizidi 15 regyuleta (inayodhibiti volti za alternata) imekufa na itachemsha betri. Taa zikiwa zinapumua na kufifia ukiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga eksileta) angalia kwanza mkanda, halafu soketi ya nyuma ya alternata, halafu kaboni zake. Geuza mita kwenye AC, pima kwenye betri hivyohivyo, ikizidi 0.5 diodi moja ya alternata (inayogeuza umeme wake kuwa DC) ina shida. Na tafadhali ule mtindo wa kuchomoa teminali ya betri gari inaunguruma ili "kutesti alternata" achana nao, volti zinaruka juu ghafla na zinaweza kuua diodi, regyuleta na kompyuta kama gari inayo.

Betri ikiisha gari ikiwa imelala, toa waya wa hasi, weka mita ya ampea katikati ya waya na nguzo, milango imefungwa, subiri kama nusu saa. Chini ya 0.05 ni kawaida. Ikisoma 0.5, betri ya Ah 60 inaisha kwa siku tano. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaiunguza. Hakuna fyuzi iliyobadilisha kitu? Toa mita, kisha chomoa waya mnene wa alternata na uufunge teipu usiguse chuma, rudisha mita upime tena, namba ikianguka ni diodi.

Mara nyingi lakini kinachokula ni kitu kilichofungwa na mtu baadaye: redio, alamu, taa za kwenye bampa, waya wa trela uliounganishwa kwa kukwangua mpira na kuzungushia teipu. Kwenye pikapu za zamani waya za vitu hivyo mara nyingi zimepachikwa chini ya dashibodi upande wa usukani. Kabla ya kushuku kitu kingine toa vyote hivyo, kila kimoja na waya zake mpaka kwenye asili, endesha siku chache bila redio, halafu rudisha kimoja kimoja na fyuzi yake.